Stika ya Bluu Kwenye Kikopo cha Mkojo

Muuguzi mmoja Mtanzania anayefanya kazi Texas ametuandikia akinung'unika: kwa nini asihuishiwe leseni mpaka asome somo la biashara haramu ya binadamu, ilhali yeye si askari?

Sheria inayomkera ilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kubana tarehe 1 Septemba 2020. Ina sababu. Katika utafiti wa Laura Lederer na Christopher Wetzel wa 2014, takribani asilimia 88 ya manusura wa biashara ya ngono waliohojiwa Marekani walisema walikutana na mhudumu wa afya wakiwa bado mikononi mwa wanaowatumikisha. Wakatibiwa, wakarudi kulekule.

Dalili zinazofundishwa, kama mgonjwa asiyejua anwani ya anapolala au mwenzake anayemjibia kila swali, zimo katika kila bango, nami naziruka. Kilichoninogea ni kikopo cha mkojo.

Msindikizaji hung'ang'ania mapokezi, hung'ang'ania chumba cha daktari, lakini hata awe mbabe vipi, chooni hana kisingizio cha kuingia. Kwa hiyo baadhi ya hospitali za Marekani zimebandika tangazo ndani ya choo, na kando yake stika za bluu (kuna wanaotaka niseme vibandiko, nabaki na stika). Kama hauko salama, weka moja kwenye kikopo chako. Kikopo kinakwenda maabara na vingine vyote.

Uhondo wake ni kwamba mgonjwa hafanyi lolote la ziada. Mkojo ulishaombwa, na huombwa kwa wagonjwa chungu nzima, kwa hiyo kuombwa hakumshtui mtu. Waswahili mbinu hii tunaijua kwa kanga. Jirani akikatiza barazani kwako na kanga yenye jina linalokuchoma, utamshtaki wapi? Ukimuuliza, atasema amevaa nguo tu, ndiyo iliyokuwa juu kabatini. Ujumbe umefika, mwenyewe hajafungua mdomo. Ila kanga husomwa na mtaa mzima, na nusu ya raha yake ndiyo hiyo. Stika lazima isomwe na mmoja, yule anayepokea kikopo. Asipofundishwa huyo, ataiona ni uchafu kwenye plastiki, ataibandua, ataandika jina la mgonjwa na kuendelea na kazi. Ndiyo maana somo halimhusu daktari peke yake.

Stika ikionekana, hakuna kumkabili msindikizaji. Hutafutwa sababu ya kawaida ya kuwatenganisha, mathalani eksirei: kwa ajili ya mionzi, msindikizaji abaki nje. Huko ndani mgonjwa huulizwa faraghani, na kama Kiingereza hakipandi, mkalimani hupatikana kwa simu. Msindikizaji hatumiwi kamwe, hata akijidai ni shemeji. Kwa kawaida mtu mzima ndiye huamua kama polisi waitwe. Akiwa chini ya miaka 18, muuguzi hana hiari: lazima aripoti.