Kuota Moto na Kupasha Chumba Joto: Istilahi za Kipupwe Wilayani Rungwe

Mkazi wa Dar es Salaam alisikiapo neno kipupwe hufikiri juu ya miezi ya nafuu, jasho linapopungua na shuka jepesi likatosha usiku. Mkazi wa Tukuyu hufikiri jambo jingine. Mji wake uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu na Mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000, na kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hutanda na baridi ya usiku huingia hadi kitandani. Kule, kuiandaa nyumba kwa kipupwe ni kazi halisi, na kazi hiyo ina maneno yake. Tumeona yafaa tuyachunguze baadhi ya maneno hayo, kwa kuwa afisa wa afya au mfasiri akiteleza katika neno moja la onyo kuhusu moto, huenda kuteleza huko kukagharimu maisha ya watu.

Tuanze na majira yenyewe. Vitabu vya Ulaya huagiza matayarisho yafanywe mwezi Septemba au Oktoba. Mfasiri aandikapo “majira ya baridi” na kuiacha miezi kama ilivyo, humwagiza mtu wa Rungwe ajiandae wakati baridi yake imekwisha kupita. Kwa Rungwe neno ni kipupwe, na mwezi wa matayarisho ni Mei, masika yanapoelekea ukingoni. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhakikisha kuwa kuni na mkaa vimehifadhiwa pakavu. “Majira ya baridi” tuwaachie Wazungu na theluji yao.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika kitenzi. Kwa Kiswahili, mtu huota moto. Apataye joto hapa ni mtu, naye yu macho, ameketi mbele ya meko, anachochea na kuzungumza na wenziwe. Kupasha chumba joto ni dhana tofauti: jiko la mkaa huingizwa ndani, mlango na madirisha hufungwa ili joto lisitoke, kisha watu hulala. Sasa tulitazame tangazo lisemalo, “Ni hatari kuota moto ndani ya chumba kilichofungwa.” Baba aliyeingiza jiko ili watoto wasisikie baridi hatajiona katika sentensi hiyo. Yeye haoti moto, yeye amelala. Sarufi ya tangazo ni safi, lakini halikumfikia aliyekusudiwa.

Neno moshi nalo hupotosha vivyo hivyo. Mara nyingi tunaonywa juu ya “moshi wa jiko.” Lakini mkaa uliokolea, mwekundu, usiotoa moshi hata kidogo, ndio hasa uingizwao chumbani, kwa kuwa watu huamini kwamba moshi ukiisha hatari nayo imekwisha. Sivyo. Mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuupelekea mwili oksijeni unayoihitaji. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Na aliye usingizini huenda asizitambue kabisa. Ndiyo maana hata usemi uliozoeleka magazetini, kwamba marehemu “walikosa hewa,” hautoshi. Humfanya msomaji adhani kwamba mtu angeshtuka na kuhema kwa nguvu, akapata nafasi ya kujiokoa.

Gesi hii tuiiteje? Wako waandishi waiitao “hewa ukaa.” Hatukubaliani nao. Hewa ukaa imekwisha kushika maana ya kabonidayoksaidi, na siku hizi afisa wa halmashauri alisikiapo jina hilo hufikiri juu ya misitu na biashara ya hewa ukaa. Kwa darasani tunapendekeza kabonimonoksaidi, jina linalokaa vizuri kando ya mwenzake na kuonyesha tofauti ya moja na mbili. Kwa mabango na matangazo ya vijijini tunapendekeza gesi ya sumu ya mkaa, ambayo hutaja chanzo chake na madhara yake kwa pamoja.

Kuhusu vyombo hatuna maneno mengi. Jiko banifu ni istilahi iliyofanikiwa, fupi na yenye kueleweka. Ila ikumbukwe kwamba kubana matumizi ya mkaa si kuzuia sumu, nalo lisilalwe nalo. Bomba la kutolea moshi lina jina lake la siku nyingi, dohani, lenye asili ya Kiarabu, ambalo watu wa pwani walilitumia pia kwa bomba la meli. Walio na nyumba za zamani zenye meko ya ukutani waondoe masizi katika dohani kabla ya Juni. Hita ni neno lililokubalika, lakini katika nyumba nyingi maana yake ni chombo cha kuchemshia maji. Mwandishi aseme hita ya chumba.

Jambo moja linahusu ofisi za serikali. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 hadi 2034 unazungumzia nishati safi ya kupikia, na kwa sehemu kubwa ya nchi neno kupikia latosha. Katika nyanda za juu, jiko lililoivisha ndizi jioni ndilo lilelile liingizwalo chumbani usiku. Watafsirio miongozo kwa ajili ya wilaya kama Rungwe wangefanya vyema kuandika kupikia na kupashia joto.

Tangazo letu, basi, tungeliandika hivi: “Usilale chumbani na jiko la mkaa, hata kama halitoi moshi. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Ota moto ukiwa macho, dirisha likiwa wazi, na utoe jiko nje kabla ya kulala.” Kitenzi cha kwanza ni kulala, nacho tumekiweka hapo kwa makusudi.