Tutakapokutana Rongo, daftari zima liitwe

Mwaliko ulinifikia majuma mawili yaliyopita kwa njia ya simu, kama ifikavyo mialiko yote siku hizi. Sisi tuliohitimu mwaka 2000 katika chuo kimoja cha ualimu cha Nyanza Kusini (jina lake naliacha, maana wahusika wanalijua na wengine halitawafaa kitu) tumeazimia kukutana mwezi wa Desemba, kwa mara ya kwanza tangu tulipoagana langoni tukiwa na masanduku ya bati na magodoro yaliyokunjwa. Ni robo karne na ushei. Waliokuwa vijana wembamba wa miaka ishirini sasa wana vitambi, baadhi yao wana wajukuu, na mwandishi wa makala haya, aliyekwenda kusomea isimu baadaye, hakunusurika na kipara.

Mahali pa kukutania palituletea mjadala wa mwezi mzima. Wenzetu wa Homa Bay walitaka shughuli iwe kwao, kando ya ziwa, kwa hoja kwamba hakuna mgeni aliyewahi kuondoka Homa Bay akilalamikia samaki. Wale wa Migori wakajibu kwamba wenzetu wa Kehancha na Isebania wasingefika huko na kurudi kwa siku moja. Nilicheka peke yangu, kwani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 pande hizo mbili zilikuwa wilaya moja, makao yake makuu yakiwa Homa Bay, na wazazi wetu walikuwa wakikwenda huko kutafuta vitambulisho bila kuona kwamba wametoka kwao. Leo kila upande ni kaunti yenye gavana wake. Hatimaye suluhu ilipatikana Rongo, mahali ambapo barabara ya Homa Bay hukutana na ile itokayo Migori kuelekea Kisii. Hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa.

Kadi ya mwaliko iliandikwa kwa Kiingereza. Nilipowauliza waandalizi sababu, waliniambia kwamba Kiswahili hakina neno la shughuli kama hiyo. Mmoja wao alijaribu kusema “muungano”. Nikamwambia muungano ni wa Tanganyika na Zanzibar, sisi tunataka kula samaki na kujuliana hali. Kusema kweli hatuhitaji istilahi mpya. “Mkutano wa rika” unatosha, na mwenye neno bora na alilete.

Sikuketi kuandika kwa sababu ya neno hilo, hata hivyo. Kilichonikera ni kipengele kimoja katika ratiba iliyoambatanishwa na kadi. Saa tano asubuhi, baada ya sala, kila mtu atasimama “ajitambulishe kwa jina, kituo cha kazi na cheo”. Chini yake pameandikwa kwamba mchango ni shilingi 5,000, fulana ikiwemo.

Habari za watu waliosoma pamoja zina sarufi yake. Nimezifuatilia za darasa letu kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba habari za kupanda cheo huja kwa Kiingereza, mhusika akitajwa kwa majina yake yote matatu: fulani amefanywa mwalimu mkuu, fulani amechaguliwa mwakilishi wa wadi, fulani ametunukiwa shahada ya uzamili, fulani yuko Minnesota na amenunua nyumba. Habari za misiba huja kwa Kiswahili, kwa sentensi fupi, na mwishoni huwekwa nambari ya kutumia rambirambi. Ipo aina ya tatu ambayo haiji kabisa. Hiyo ni habari ya mtu ambaye hakupanda cheo wala hakufa.

Na watu wa aina hiyo ni wengi katika darasa letu. Hapa sina budi kuwaeleza wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Mnamo Oktoba 1997 walimu wa Kenya, wakiongozwa na chama chao cha KNUT na katibu mkuu wake, marehemu Ambrose Adeya Adongo, waligoma hadi wakaahidiwa nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu. Sisi tulijiunga na chuo mwaka uliofuata, ahadi hiyo ikitulia vichwani kama asali. Wazazi waliuza ng’ombe bila kusita, kwa kuwa kwa miaka mingi kabla yetu aliyehitimu cheti cha P1 hakutafuta kazi. Alingoja tu barua ya Tume ya Huduma kwa Walimu imwambie aende shule gani. Basi mwaka huo huo wa 1998, serikali, ikilalamikia mzigo wa mishahara, ilisitisha utaratibu wa kumwajiri kila anayehitimu. Ng’ombe walikuwa wamekwisha kuuzwa. Tulitoka chuoni mwaka 2000 tukiwa walimu wasio na shule.

Januari 2003 elimu ya msingi ilifanywa kuwa ya bila malipo, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikaruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Madarasa yalifurika hadi watoto wakakaa chini ya miti. Tukasema, sasa tutaitwa. Walioitwa walikuwa wachache, wa kujaza nafasi za waliostaafu, walioacha kazi na waliofariki. Waliobaki walifundisha kwa ujira wa wazazi, walifungua vibanda, wakahamia shule za kibinafsi, au waliteremka kwenye machimbo ya dhahabu kule Nyatike. Kuanzia mwaka 2019 ukaja mpango wa walimu wanagenzi. Mtu aliyehitimu tangu mwaka 2000 kuitwa mwanagenzi! Na ilipofika mwaka 2021, vyuo vikaanza kufundisha stashahada na cheti cha P1 kikawekwa kando, hata yule aliyekuwa bado anangoja akabaki na karatasi isiyotolewa tena popote.

Mmoja wao ni rafiki yangu wa Nyatike. Simtaji jina kwa kuwa hajanipa ruhusa. Chuoni alikuwa bora kuliko sisi sote katika Kiswahili; yeye ndiye aliyenifafanulia ngeli usiku mmoja, mkaa ukiwa chaki na ukuta wa bweni ukiwa ubao, na kila ninaposimama mbele ya ukumbi kueleza upatanisho wa kisarufi huwa natumia mfano wake, sijui kama kwa haki au kwa wizi. Alifundisha miaka kumi na mmoja akilipwa na wazazi, walipopata. Kisha akaingia machimboni, kisha katika shule ya kibinafsi iliyofungwa wakati wa korona mwaka 2020 na isifunguliwe tena. Siku hizi hununua omena Sori na kuiuza katika soko la Migori. Nilimpigia simu kumuuliza kama atakuja Rongo.

“Daktari,” akasema, “unajua elfu tano ni gorogoro ngapi za omena?”

Zamani aliniita omera, kama Wajaluo wa rika moja waitanavyo. Sikumbuki ni lini alianza kuniita Daktari. Nikamwambia mchango usimsumbue, nitamlipia. Akanyamaza kwa muda, nikatambua kwamba nimekosea.

“Si pesa peke yake,” akasema. “Hiyo ratiba umeisoma? Nitasimama niseme nini? Jina ninalo. Kituo cha kazi ni soko. Cheo?”

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka pia kwamba mwaka nilipopata uzamifu niliwatumia wenzangu picha yangu nikiwa nimevaa joho, na maelezo chini yake yalikuwa kwa Kiingereza. Walinipongeza wengi. Yeye hakuandika kitu siku hiyo. Alinipigia simu kesho yake akanipongeza kwa sauti, na nilikuwa na haraka.

Ndipo nikakumbuka daftari. Kiranja wetu, ambaye leo ni mwalimu mkuu upande wa Rangwe, ni mtu asiyetupa karatasi, na nilipomuuliza alikiri kwamba bado ana nakala ya orodha ya mahudhurio aliyoiandika kwa mkono wake. Ina majina 42. Herufi O imejaza karibu nusu ya ukurasa, kama inavyotarajiwa katika sehemu zile. Wamo Chacha watatu wa Kuria, Waluhya wachache, Wakisii wawili, na mwenzetu wa kisiwa cha Mfangano aliyekuwa akituambia kwamba nyanya yake huota kwa Kisuba lakini huamkia kwa Kijaluo. Kati ya hao 42, sita wametangulia mbele ya haki. Wawili kati yao walitutoka mapema mno. Miaka hiyo Homa Bay ilizika vijana wake mfululizo. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali ya wilaya mwaka 2001, na madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières, lakini habari njema haikuenda kwa kasi ya ugonjwa. Tisa wengine hakuna ajuaye waliko.

Mkufunzi wetu wa Kiswahili alikuwa na ukali mmoja tu. Alipoita jina, hakukubali mtu ajibu “niko”. Ulipaswa kujibu “nipo”. Sisi watu wa bara tumezoea kuiacha “-ko” ifanye kazi za wenzake wote, lakini yeye alisisitiza kwamba “-po” ni ya mahali mahususi panapojulikana, “-mo” ni ya ndani, na “-ko” ni ya mahali pasipobainika. “Ukiniambia uko,” alikuwa akisema, “nitakuuliza wapi.” Tulimwona mzee msumbufu. Leo nafundisha somo hilo hilo na wanafunzi wangu, naamini, wananiona vivyo hivyo.

Nimewaandikia waandalizi nikiwaomba waufute utambulisho wa vyeo na badala yake daftari lile liitwe, kuanzia jina la kwanza hadi la arobaini na mbili, kama lilivyoitwa kila asubuhi kwa miaka miwili. Aliyepo aseme nipo, aketi. Hatukuwa na vituo vya kazi tulipoitwa kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyeonekana pungufu kwa hilo. Jina la marehemu likifika, aliyekuwa jirani yake wa kitanda atamjibia. Jina la asiyejulikana aliko likifika, tunyamaze kidogo, halafu mtu apewe kazi ya kumtafuta. Niliomba pia mchango uwe wa kila mtu kwa uwezo wake, nasi tunaolipwa mwisho wa mwezi tuzibe pengo kimyakimya, bila orodha ya nani ametoa ngapi kusambazwa.

Mjumbe mmoja amenijibu kwamba nataka kuwanyima wengine furaha ya mafanikio waliyoyatolea jasho. Hoja yake nimeipima. Mtu aliyesomea shahada kwa masomo ya likizo, mwezi wa Aprili, wa Agosti na wa Desemba, huku akilea watoto, ana haki ya kusema amefika wapi, na mbele ya samaki atapata saa nzima ya kulisema. Ninachokataa ni kulifanya jambo hilo kuwa mlango wa kuingilia. Mjumbe mwingine amelalamika kwamba fulana zimekwisha kuagizwa. Hilo sina jibu lake.

Juzi kamati imekata shauri. Daftari litaitwa. Mchango umeshushwa hadi shilingi 2,000, na mwenye zaidi atatoa zaidi kwa mweka hazina peke yake. Kadi mpya imeandikwa kwa Kiswahili, ingawa ina makosa mawili ya upatanisho ambayo nimeyaachia yalivyo ili nisizidishe usumbufu.

Niliituma kadi hiyo Nyatike jioni ile ile. Siku mbili zilipita bila jibu. Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo wauza omena huwa njiani, rafiki yangu alileta swali moja: je, majina yataitwa kwa mpangilio ule ule wa zamani? Nilimjibu kwamba ndiyo, na kwamba yeye ni wa 31.

“Haya, omera,” akaandika.