Taa ya Breki Ikiwaka, Ihoji Kabla ya Kuing'oa

MAGARI ya zamani yana wapenzi wake, na hapa Kenya mojawapo ya yale yanayoenziwa sana ni Peugeot 504, ambalo wengi walilizoea kwa jina la Pijo. Lilitolewa Ufaransa mwaka wa 1968. Lilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka wa 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Katika barabara zetu lilibeba abiria, wagonjwa, maharusi na hata maiti. Yaliyosalia leo hutunzwa kama urithi wa jamii.

Lakini uzee ni uzee, hata kwa chuma. Ugonjwa mmoja unaowasumbua wenye magari ya rika hili ni taa nyekundu ya breki inayowaka katika dashibodi na kukataa kuzimika. Wako mafundi wenye dawa moja tu: huing'oa balbu. Mwenye gari hulipa, hushukuru, akaenda zake. Hiyo, ndugu msomaji, ni sawa na kumziba mdomo mlinzi wa usiku kwa kuwa kelele zake zinakuamsha. Siku utakapokuwa ukiteremka Mai Mahiu na jamaa zako garini, nani atakayekuonya kwamba mafuta ya breki yamekwisha?

Basi taa hii huwashwa na nini? Umeme hutoka katika betri ukapita kwenye fyuzi hadi kwenye balbu, lakini balbu haiwaki mpaka umeme huo upate njia ya kufika kwenye bodi ya gari. Njia hiyo hutolewa na swichi. Katika magari mengi ya miaka hiyo kuna swichi ya breki ya mkono, na nyingine katika chombo cha mafuta ya breki, yenye boya linaloshuka mafuta yakipungua. Baadhi ya magari yenye mikondo miwili ya breki yana na swichi ya tatu katika mabomba, ambayo huwasha taa mkondo mmoja ukipoteza nguvu.

Kwa hiyo kabla ya kushika waya wowote, anza na usalama. Simamisha gari mahali tambarare na ukanyage pedali. Ikiwa inazama polepole hadi chini, usiliendeshe gari hilo, mwite fundi.

Kisha tazama mafuta. Yakiwa yamepungua kidogo katika muda wa miezi mingi, huenda ni pedi zilizolika tu. Yakipungua haraka, yanavuja. Chungulia upande wa ndani wa kila gurudumu na chini ya masta silinda. Usipoona tone, usidhani umepona: masta silinda mbovu inaweza kuvujia ndani ya busta, injini ikayavuta na kuyachoma, na dalili yake ikawa moshi mweupe.

Mafuta yakiwa yamejaa, igeukie breki ya mkono. Ishushe kabisa, kisha utikise mkono wake. Taa ikipepesa, swichi yake imechoka au imehama mahali pake.

Ikibaki inawaka, chomoa nyaya za swichi moja baada ya nyingine. Taa ikizimika ulipochomoa ya chombo cha mafuta, na mafuta yamejaa, yaelekea boya limeingiwa na mafuta likazama. Ikizimika kwa ile ya mabomba, mkondo mmoja una kasoro, au ulitengenezwa na kipistoni cha swichi hakijarudi katikati. Na ikiwa swichi zote zimechomolewa na taa bado inawaka, tafuta waya uliochubuka na kugusa bodi. Ukishaijua kasoro, rudisha nyaya zote. Kuchomoa ni uchunguzi, si matibabu.

Jambo la mwisho ni la mafuta yenyewe. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini kiwango cha chini kinachokubaliwa yakishaingiwa na maji ni 155 tu. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto, mafuta hayo yakachemka, mvuke ukajaa katika mabomba, na pedali ikazama bila kushika chochote. Taa haitakuonya juu ya hilo, kwani boya hupima wingi wa mafuta, halipimi ubora wake. Ndiyo maana inafaa kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili. Wala usithubutu kujazia mafuta ya injini. Hayo huvimbisha raba za breki na kuziharibu zote.

Taa isiyowaka kabisa nayo ni ya kutiliwa shaka. Kila asubuhi, kabla ya kung'oa nanga, washa ufunguo na uvute breki ya mkono. Katika gari lenye swichi hapo, taa isipowaka, balbu imekufa au kuna aliyeing'oa kabla yako. Balbu mpya ni ya shilingi chache. Mteremko wa Mai Mahiu haupokei shilingi.