Usafi wa Kompyuta, Afya ya Nyumba

Katika nyumba zetu nyingi hapa Uingereza kompyuta ni moja na watumiaji ni wengi: baba atokapo kazini, mama azungumzapo na jamaa wa Mombasa, na watoto wafanyapo kazi za shule huku wakila biskuti. Sahani tunaziosha kila baada ya mlo. Kibodi, iguswayo na mikono yote hiyo, hupitisha miezi bila kufutwa. Ilhali virusi vya homa ya mafua huweza kudumu juu ya plastiki kwa saa 24 hadi 48.

Kila wiki, zima mashine na uchomoe waya wa umeme. Pindua kibodi, ukung'ute makombo. Kisha lowesha kidogo kitambaa laini kwa spiriti ya asilimia 70, ufute vitufe na kipanya. Usimimine kitu juu yake. Skrini ifutwe kwa kitambaa laini kikavu. Vumbi la nyuma ya meza lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, na dirisha lifunguliwe kwa muda hata siku za baridi, kwani vumbi huweza kuichochea pumu.

Zaidi ya hayo, tunawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuitumia. Chombo kinachotuunganisha na jamaa wa mbali kisiwe ndicho kinachotugawia maradhi nyumbani.