Umbo la Maandishi Katika Kioo cha Simu

Mtu aandikaye kwa mkono huuona ukurasa wake mzima kabla haujatoka mikononi mwake, na lile alitumalo ndilo lifikalo. Walakini mwandishi wa zama zetu, ambaye kazi yake hupita katika programu moja hadi nyingine na mwishowe hutua juu ya kioo cha simu asiyoijua, mkononi mwa msomaji asiyemfahamu, hutuma maneno peke yake, na umbo la maneno hayo huamuliwa njiani. Kazi nyingi njema za Kiswahili zaharibika katika safari hiyo. Fikira zake hazina upungufu na lugha yake ni fasaha, lakini mishororo imekatika pasipostahili, aya zimegandamana, ritifaa zimegeuka alama zisizosomeka, na msomaji, ambaye hakula kiapo cha kuvumilia, huiacha kazi hiyo katikati na kwenda zake.

Wakubwa wetu katika fani hii ya kupanga maandishi hawakuwa wazembe. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa malenga, mchonga nakshi na katibu wa hati, na tenzi alizozinakili kwa herufi za Kiarabu kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya zimehifadhiwa hata leo katika chuo cha SOAS, London. Utenzi una vipande 4 katika kila ubeti, kila kipande kikiwa na mizani 8, vitatu vya mwanzo vikishirikiana kina, na cha nne kikibeba kina kinachoupitia utenzi wote toka mwanzo hata tamati. Makatibu wa hati hizo walikuwa na desturi ya kutenga kipande na kipande kwa alama ndogo, ili jicho lijue pa kupumzika hata pale ubeti mzima ulipoandikwa katika mstari mmoja. Umbo la ukurasa lilikuwa sehemu ya shairi lenyewe, kwani lilimwonyesha msomaji mahali pa kuvuta pumzi.

Tazama sasa yanayolipata shairi la mishororo minne linapofika katika simu. Mshororo una mizani 16, minane ya ukwapi na minane ya utao, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Katika kitabu hukaa kwa raha, ukwapi ukielekeana na utao, na vina vikishuka kama nguzo mbili zilizonyooka. Katika kioo cha simu iliyoshikwa wima, herufi zikiwa na ukubwa unaotosha macho ya mtu mzima, mshororo huo aghalabu haupati nafasi. Neno la mwisho, ambalo ndilo lenye kina, huanguka chini na kubaki pweke, kisha mshororo unaofuata huanza, nao ukaangusha la kwake, hata ubeti wa mistari minne ukawa na mistari minane isiyolingana, yenye vina visivyoonekana. Dawa yake ni kutangulia kukata kabla simu haijakata: utao uandikwe chini ya ukwapi wake, umesogezwa kidogo kutoka pambizoni, na baina ya ubeti na ubeti pawe na nafasi iliyo dhahiri. Mshororo ukilazimika kukatwa, na ukatwe pale malenga mwenyewe alipopumua.

Hapo huzuka tatizo la pili, ambalo limewavunja moyo watunzi wengi. Mtunzi husogeza utao kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nne au tano, akaridhika na anachokiona, na anapochapisha huziona nafasi zake zote zimetoweka, na pengine ubeti mzima umeungana kuwa nathari. Sababu yake ni kaida ya zamani. Lugha ya HTML, aliyoibuni Tim Berners-Lee alipokuwa katika taasisi ya CERN mjini Geneva, ilikusudiwa kuwawezesha wanasayansi kusomeana hati zao katika mashine za kila aina, na kwa kuwa upana wa vioo vya mashine hizo haukuwa mmoja, iliamuliwa kwamba nafasi zikifuatana, ziwe mbili au kumi, zihesabiwe kuwa moja, na mwisho wa mstari katika maandishi ya asili uhesabiwe kuwa nafasi tu, ili kila mashine ipange mistari kwa kadiri ya upana wake. Kwa nathari kaida hiyo ni rehema. Kwa ushairi ni msiba. Basi mshairi hana budi kutamka bayana kwamba hapa mstari umekoma, na katika programu nyingi za kuandikia hilo hufanyika kwa kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kubonyeza Enter, kwani hapo hupatikana mstari mpya usioanzisha aya mpya.

Mwaka 1994 Håkon Wium Lie, mtu wa Norwei aliyekuwa naye katika taasisi hiyo hiyo, alipendekeza lugha ya pili, CSS, ambayo kanuni zake za kwanza ziliidhinishwa mwaka 1996. Rai yake ilikuwa kwamba cheo cha maneno kitengwe na vazi lake: hati iseme kuwa maneno haya ni kichwa, haya ni nukuu na haya ni aya ya kawaida, kisha maagizo yaliyowekwa kando yaseme kichwa kivae herufi gani na rangi gani. Mimi naona hili ndilo jambo ambalo kila mwandishi wa sasa yampasa kulijua hata kama hajui jingine lolote la mashine hizi. Mwandishi anayekuza herufi kwa mkono na kuzikoleza, akidhani amefanya kichwa cha habari, amevika maneno vazi la kichwa bila kuyapa cheo chake, na kivinjari kitayachukua kuwa ni aya fupi yenye herufi nene. Aidha, mtu anakilipo maandishi yake kutoka katika programu ya ofisini na kuyabandika penginepo, huyachukua pamoja na amri zilizofichika za fonti, ukubwa na rangi; ndiyo maana utaona aya moja ina herufi kubwa na ya pili ina ndogo, au msomaji apendaye kioo cheusi usiku akakuta maneno meusi juu ya weusi. Inafaa kubandika maneno matupu yasiyo na mapambo, kisha kuweka vyeo upya. Ni kweli kwamba herufi za mlazo hupotea kwa njia hiyo na ni lazima kuzirudisha moja moja, lakini uchovu huo una malipo yake.

Ritifaa nayo inastahili kusemewa, maana ni alama ndogo ibebayo mzigo mkubwa katika lugha yetu. Kung'oa si ngoa, na mchapaji aiondoaye ritifaa hubadili sauti na maana kwa pamoja. Mfumo wa ASCII wa mwaka 1963 ulikuwa na nafasi 128 tu, na ndani yake ritifaa na alama ya nukuu moja zilitumia umbo moja lililonyooka. Unicode ikaja kuipa alama iliyopinda nafasi yake mbali na iliyonyooka, nazo programu za kuandikia zikazoea kuigeuza alama iliyonyooka kuwa ile iliyopinda bila kuomba idhini. Maandishi yaliyohifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8 yakisomwa na mashine inayodhani ni mfumo wa zamani wa Windows, ng’ombe huwa ngâ€™ombe, na mkulima aliyetafuta habari ya maziwa hukutana na fumbo. Hata pasipo balaa hilo, ukurasa mmoja ukiwa na ritifaa iliyopinda na mwingine iliyonyooka, atafutaye kwa umbo moja huweza kulikosa neno lililoandikwa kwa umbo la pili. Basi umbo moja lichaguliwe na lifuatwe kazi nzima.

Wapo wanaoendelea kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hao wana taabu yao: wanapochanganya maneno ya herufi hizo na ya Kilatini katika mstari mmoja, nukta au mabano huruka upande usio wake, kwa kuwa mashine haikuambiwa mwelekeo mkuu wa aya ni upi. Aya itajwe kwamba yaanza kuliani, na mengi hutengemaa.

Kunyoosha pambizo zote mbili, kama magazeti yafanyavyo, si shauri jema kwa simu. Maneno yetu ni marefu, na mstari mfupi wenye neno kama hawakutushirikisha hubaki na mapengo mapana. Na programu ikikata maneno kwa kanuni za Kiingereza, huikata silabi yetu ambayo aghalabu huishia kwa irabu. Pambizo ya kulia iachwe huru.

Kwa kuchoshwa na hayo yote, watunzi wengi sasa huligeuza shairi kuwa picha na kuituma hivyo. Umbo husalimika, lakini picha hiyo haitafutiki, hula bando kuliko maneno yenyewe, herufi zake hazikui kumfuata mzee mwenye macho dhaifu bila kutoka nje ya kioo, na kipofu, ambaye husomewa na programu ya sauti, hasikii shairi hata neno moja. Nadhani hiyo ni bei kubwa mno. Na hata maneno yakibaki maneno, kipofu huyo anaweza bado kudhulumiwa, kwa sababu ukurasa hubeba ndani yake tamko la lugha, na kurasa nyingi zilizojaa Kiswahili hutamka kuwa ni za Kiingereza, kwa vile chombo kilichozitengeneza kilikuja hivyo na hakuna aliyekigeuza. Programu ya sauti hutii tamko hilo na kuusoma utenzi kwa matamshi ya Kiingereza, irabu zikipinda na mizani ikivunjika. Tamko sahihi ni herufi mbili, sw, na huwekwa mara moja katika mipangilio ya ukurasa.