Tijara ya Jioni: Chemchemi za Lima na Hesabu Zake

Mji wa Lima, makao makuu ya Peru, una taksiri moja ambayo kila mwenye hoteli na kila dereva wa teksi wa huko anaijua: wageni humiminika katika uwanja wa ndege wa Jorge Chávez, lakini nyoyo zao zimekwisha kutangulia Cusco na magofu ya Machu Picchu, na Lima wao huihesabu kuwa kituo cha kulala usiku mmoja, kungoja ndege ya asubuhi. Mgeni wa namna hii hulipia kitanda na mlo mmoja, kisha huyoo, keshakwenda zake. Na wale wote waishio kwa riziki ya utalii hubaki wakijiuliza ni kitu gani kinachofaa kuonyeshwa mtu baada ya magharibi, saa ambazo makumbusho mengi yamefungwa, makanisa ya kale yametiwa makomeo, na bahari ya Pasifiki haionekani kwa ukungu. Jawabu moja lilipatikana tarehe 26 Julai 2007, siku ambayo meya Luis Castañeda Lossio alifungua, ndani ya bustani iitwayo Parque de la Reserva, chemchemi 13 za kutengenezwa zenye taa na muziki, zilizogharimu dola milioni 13 za Kimarekani, zikapewa jina la Circuito Mágico del Agua, na punde si punde zikaandikwa katika daftari la Guinness kuwa ndilo kundi kubwa kuliko yote duniani la chemchemi zilizomo katika bustani ya umma.

Bustani yenyewe ina umri mkubwa kuliko mapambo yake. Ilifunguliwa mwaka 1929, zama za Rais Augusto Leguía, kwa ramani ya msanifu Mfaransa Claude Sahut, na jina lake ni taadhima kwa askari wa akiba, raia wa kawaida walioacha shughuli zao na kushika bunduki mwezi Januari 1881 ili kuukinga mji na jeshi la Chile katika mapigano ya San Juan na Miraflores, wakashindwa. Wageni wachache huijua habari hiyo, na wachache zaidi huiulizia. Hata hivyo mwongozaji hodari hawezi kuiacha, kwa sababu pasipo nayo hana la kusema mpaka taa ziwake.

Na kazi ya mwongozaji huyo ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini na mtu wa biashara. Gari dogo la wakala huwazoa wageni katika hoteli za mtaa wa Miraflores jua likiwa limekuchwa, hupita njia kuu ya Paseo de la República mpaka karibu na Uwanja wa Taifa wa mpira, na hapo huwateremsha langoni. Onyesho kubwa la bustani, lile la Fuente de la Fantasía, hufanywa mara kadhaa kwa usiku mmoja, na ustadi wote wa mwongozaji ni kuipanga njia ili kundi lake liwe limekwisha kuzunguka, kupiga picha na kurowa kwa kiasi cha kupendeza, kisha lifike mbele ya bwawa dakika chache kabla ya muziki kuanza, wakati bado pana nafasi ya kusimama. Akichelewa, wateja wake wataona visogo vya watu. Akiwahi mno, watachoka na kunung'unika.

Kwa hiyo huanza na Fuente Mágica, ambayo mshale wake wa maji hupanda zaidi ya mita 80. Kutoka hapo huwapitisha wageni katika Túnel de las Sorpresas, njia ya mita 35 ambayo paa lake ni matao ya maji yenyewe, mtu akapita chini yake akiwa mkavu, au karibu mkavu. Huwaonyesha piramidi ya maji ya Fuente de la Armonía, na chemchemi ya Tangüis, iliyopewa jina la Fermín Tangüis, mkulima mwenye asili ya Puerto Rico ambaye, katika bonde la Pisco, alichagua na kuzalisha aina ya pamba iliyostahimili maradhi ya mnyauko, akaunusuru ukulima wa pamba wa Peru. Mkulima wa pamba wa Mwanza au Shinyanga angesimama hapo kitambo zaidi, nadhani, kuliko watalii wa kawaida wasimamavyo. Kisha huja ile mizunguko ya Laberinto del Ensueño, ambapo kuta za maji huchomoza sakafuni na kuzama bila ya taarifa, na vijana hubahatisha wapi pa kukanyaga. Wengi huingia wakiwa wamepania kurowa, na wale wasiopania hurowa vile vile.

Bustani imekatwa na barabara, na sehemu zake mbili zimeunganishwa na njia ipitayo chini ya ardhi. Katika njia hiyo mji ulitundika picha za miradi yake ya ujenzi, barabara na ngazi na madaraja, hata mtu aliyekuja kutazama maji hujikuta akisomeshwa mafanikio ya manispaa apende asipende. Sioni vibaya, aliyelipa zumari ana haki ya kuchagua wimbo, lakini afadhali ajue kuwa msikilizaji ana haraka ya kuwahi onyesho.

Sasa tuje kwenye fedha. Langoni, katika miaka ya mwanzo, mtu mzima alilipa soli 4, ambazo kwa bei ya wakati ule zilikuwa dola moja na senti kidogo. Ziara ile ile, ikinunuliwa kwa wakala pamoja na gari na mwongozaji asemaye Kiingereza, na aghalabu ikifungamanishwa na mzunguko wa mji wa kale au chakula cha jioni chenye ngoma za asili, huuzwa kwa makumi ya dola. Mtu mwenye pupa ataita tofauti hiyo udanganyifu. Si udanganyifu, maana mgeni ambaye hajui Kispania, aliyefika jana na atakayeondoka kesho, hanunui kuyaona maji, ambayo angeyaona kwa soli chache, bali ananunua uhakika wa kufika, kueleweshwa na kurudishwa kitandani salama usiku katika mji wa mamilioni ya watu. Fauka ya hayo, bei ndogo ya lango ndiyo inayomlisha wakala: lau manispaa ingalipandisha tiketi mpaka kiwango cha mgeni, wakala asingepata pa kuweka faida yake, na jamaa za Lima wenyewe, ambao huja na bibi, watoto na blanketi, na ambao ndio wanaoijaza bustani usiku ambao hakuna msimu wa watalii, wangezuiliwa mlangoni. Biashara hii ina wateja wawili wasiofanana katika foleni moja, na bei ya chini imewapatanisha.

Pembezoni mwa wateja hao wawili huishi wengine. Muuzaji wa picarones, mathalan, hukanda unga na viazi vitamu na boga vilivyopondwa, huchota donge kwa vidole vilivyoloweshwa, hulitoboa katikati kwa kidole gumba wakati ule ule analitupa katika mafuta yanayochemka, hulizungusha kwa kijiti, na hulitoa limeiva rangi ya dhahabu kwenda kumwagiwa shira ya sukari guru. Atakayekula atakumbuka kalimati za Mwezi wa Ramadhani, ila hizi zina tundu. Mtu kama huyu hahitaji mgeni alale Lima usiku wa pili. Anahitaji tu watu waliorowa na kuona baridi, na bustani humpelekea hao kwa mamia.

Gharama za upande wa pili wa daftari ni za namna nyingine. Watu hudhani kuwa chemchemi hula maji, ilhali katika bustani ya sasa maji ni yale yale, huzungushwa kutoka bwawani hadi pampu, kutoka pampu hadi mdomo wa bomba, na kurudi bwawani kupitia chujio na dawa; kinachopotea ni kile tu kichukuliwacho na upepo, kinachokauka, na kinachoondoka katika nguo za watoto. Kinacholiwa hasa ni umeme. Ili maji yapande mita 80 ni lazima yatoke bombani kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 140 kwa saa, na kwa mgandamizo wa karibu mara nane ya ule wa hewa, na hapo hatujahesabu kinachopunguzwa na msuguano. Na anayetaka kuupandisha mshale huo maradufu kwa tundu lile lile atahitaji nguvu karibu mara tatu. Ndiyo sababu wenye hekima katika fani hii huuweka mshale mrefu mmoja, kwa ajili ya picha, na fedha iliyobaki huitumia katika maji mafupi yanayokwenda kwa mahadhi, ambayo hustaajabisha zaidi na kugharimu kidogo.

Fani yenyewe ni ya zamani, na historia yake ni historia ya kutafuta nguvu hiyo. Louis wa 14 wa Ufaransa, katika kasri lake la Versailles, alijengewa mashine ya Marly, iliyokamilika mwaka 1684, yenye magurudumu 14 yaliyosukumwa na mto Seine kuvuta maji kupandisha mlima, na bado hayakutosha, hata watunza mabomba wakapeana ishara kwa filimbi, wafungue chemchemi mfalme anapokaribia na waifunge akishapita. Umeme ulipokuja, jambo hilo la kifalme likawa la halaiki. Katika maonyesho ya kimataifa ya Barcelona ya mwaka 1929, mwaka ule ule ilipofunguliwa bustani ya Lima, mhandisi Carles Buïgas aliwasha chemchemi ya Montjuïc, iliyojengwa kwa muda usiotimia mwaka na maelfu ya mafundi, ambayo hutazamwa bure hata leo. Kisha wakaja wenye mitaji. Hoteli ya Bellagio huko Las Vegas ilifungua ziwa lake mwaka 1998, na Dubai ikafungua lake mwaka 2009, lenye safu ya mabomba ya urefu wa mita 275 na maji yapandayo mpaka mita 150, chini ya jengo la Burj Khalifa. Chemchemi hizo mbili ni kazi ya kampuni ya WET ya California, iliyoanzishwa na Mark Fuller na wenzake mwaka 1983. Katika miji hiyo miwili mtazamaji wa ukingoni hatozwi kitu, kwa sababu tiketi yake imo ndani ya bei ya chumba, ya kahawa na ya bidhaa madukani. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo waendao Dubai kufunga mizigo wanaijua hesabu hiyo vizuri, kwa kuwa jioni wakishamaliza manunuzi ya mtaa wa Deira huvuka kwenda kutazama maji, na ni nadra kurudi mikono mitupu.

Lima haikuweza kufuata njia hiyo, maana bustani haina hoteli wala maduka makubwa yaliyo milki ya mwenye chemchemi. Ililazimika kutoza langoni, kuweka ua, na kuifanya bustani ya umma kuwa mahali pa kulipia. Hili ndilo neno ambalo wapinzani wa meya walilishika, na lingine zito zaidi ni maji yenyewe. Lima imejengwa jangwani. Mvua yake ya mwaka mzima ni milimita chache, na uhai wake hutegemea mto Rímac na mabwawa ya milimani. Katika vilima vinavyouzunguka mji, watu wengi mno hawana mabomba, hununua maji kwa malori ya tangi, huyahifadhi katika mapipa, na kwa kila pipa hulipa bei iliyo mara kadhaa ya ile alipayo mtu wa Miraflores kwa maji ya bomba. Kumwambia mama wa kilimani kwamba maji ya bustani huzungushwa wala hayapotei ni kumwambia kweli, lakini si kumjibu. Yeye haulizii maji ya bwawani, anaulizia zile dola milioni 13. Barcelona nayo ilipopatwa na ukame, hata serikali ya Catalonia ikatangaza hali ya dharura mwezi Februari 2024, chemchemi ya Montjuïc ilikaa kimya.

Rai yangu ni kwamba Lima ilifanya biashara ya halali, lakini si biashara inayoigika kila mahali. Ilifaa pale kwa sababu bustani ilikuwapo tayari, katikati ya mji, karibu na barabara kuu. Kwa sababu upepo wa usiku ni mdogo na mvua hakuna, hivyo onyesho halivunjiki. Na kwa sababu wenyeji ni wengi na wana hamu ya pa kwenda. Mji wetu wowote wa pwani utakaopelekewa ramani za mradi wa namna hii, nao huletwa kwa picha nzuri sana, uulize kwanza bili ya umeme ya mwaka wa tano, na nani atakayezibadili pampu zilizoliwa na chumvi. Dubai yenyewe, pamoja na ukwasi wake, iliifunga chemchemi yake miezi kadhaa mwaka 2025 kwa matengenezo.

Na msomaji atakayejaaliwa kufika Lima asiende Jumatatu, siku ambayo kwa kawaida lango hufungwa. Kama anajua Kispania kidogo, anunue tiketi yake langoni na aende kwa basi la Metropolitano mpaka kituo cha Estadio Nacional. Kama hajui, amlipe mwongozaji bila kinyongo. Kwa vyovyote awe ndani kabla ya saa moja usiku, achukue koti kati ya Juni na Septemba, na akifuatana na watoto asisahau nguo za kubadilisha.