"Ugumu" Pekee Hautoshi

Nashangaa tunavyowafunza wanafunzi kwamba kioo ni kigumu na chuma ni kigumu, kana kwamba sifa ni moja. Fundi achongaye kwa kisu kizungukacho, chenye kipenyo kisichofika milimita 1, hulipia kosa hilo. Makali yake yana mviringo wa mikroni chache. Akikata tabaka jembamba mno kuliko mviringo huo, shaba haikatiki bali husukumwa kando, ikaacha kingo zilizochongoka. Chuma kisichoshika kutu nacho huzidi kukaza kila kisu kipitapo. Kioo hupasuka. Tena, kwa udogo huo, kisu hukabili chembe moja moja ya metali, kila moja na ukinzani wake. Lugha yetu ina ukakamavu, unyumbufu, wororo na wepesi wa kuvunjika. Mbona darasani twatosheka na neno moja?